Servisi ya kwanza ya pikipiki mpya, nyumbani kwako

Pikipiki mpya inapotoka dukani, injini yake bado haijakamilika. Pete za pistoni na ukuta wa silinda vimechongwa kwa mashine, lakini uso wa chuma kipya una mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, na sehemu hizo humaliza kulainishana zenyewe kwa kusuguana katika kilomita mia chache za mwanzo. Gia nazo hufanya hivyohivyo. Chuma kinachosagika hakina pa kwenda ila ndani ya oili, na oili hiyohiyo ndiyo inayozunguka kwenye beringi, kwenye klachi na kwenye kichwa cha injini. Ndiyo sababu watengenezaji hutaka oili ya kwanza imwagwe mapema sana kuliko zitakazofuata. Kwa Bajaj Boxer, kitabu hutaka servisi ya kwanza ifanyike kati ya kilomita 500 na 750. Honda kwa kawaida huandika kilomita 1,000. Dereva wa bodaboda anaweza kuzifikisha ndani ya wiki moja. Mwalimu anayeitumia kwenda shuleni na kurudi huenda akachukua miezi miwili.

Kuna sababu ya pili, na hii haisemwi sana madukani. Pikipiki nyingi zinazouzwa Tanzania na Kenya huingia nchini zikiwa vipandevipande ndani ya makasha. Magurudumu, usukani, betri, vioo na bomba la moshi hufungwa hapahapa, mara nyingi na kijana mwenye pikipiki nyingine kadhaa za kufunga kabla ya jioni. Hata kama alifanya kazi yake vizuri, vitu vipya hutulia baada ya kuanza kutumika: cheni hurefuka, waya wa klachi hunyooka, spoku hulegea, na nati iliyokazwa juu ya rangi mpya hupoteza mkazo rangi inapobonyea. Kwa hiyo servisi ya kwanza ina kazi mbili: kutoa chuma kilichosagika na kukaza kilicholegea. Zote mbili mtu mwenye spana na saa tatu za utulivu anaweza kuzifanya uani kwake. Naamini kabisa kwamba anayeipanda pikipiki kila siku anapaswa kuzijua, hata kama baadaye ataamua kumlipa fundi.

Kabla hujagusa spana, soma kitabu cha dhamana. Pikipiki nyingi huuzwa na kuponi za servisi za mwanzo, ambapo kazi ya fundi ni bure na wewe hulipia oili na vipuri. Kampuni nyingine husema wazi kwamba servisi isiyopigwa muhuri na wakala wao inaondoa dhamana. Ikiwa wakala yuko karibu nawe, itumie kuponi hiyo, simama hapo uone kinachofanyika, kisha ukifika nyumbani rudia ukaguzi wa nati, cheni na spoku. Lakini wako watu wengi ambao wakala wa karibu yuko mkoa mwingine, au waliinunua pikipiki bila kuponi yoyote. Vilevile dereva aliye kwenye mkataba, ambaye hesabu ya siku inadaiwa hata akiwa amekaa gereji, ana kila sababu ya kuifanya kazi hii Jumapili asubuhi. Cha msingi kwake ni kumwarifu mwenye pikipiki kwanza na kumtunzia risiti ya oili.

Maelezo haya yanalenga zile pikipiki zinazobeba watu na mizigo katika barabara zetu: injini ya silinda moja ya cc 100 hadi 150 inayopozwa na hewa, kabureta, cheni, na breki za ngoma. Pikipiki yenye injini ya maji au mfumo wa kielektroniki wa kupulizia mafuta ina mambo yake. Penye tofauti yoyote, kitabu cha pikipiki yako ndicho kinachoamua.

Oili ipi

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu pikipiki mpya wakidhani wanaihudumia. Katika gari la kawaida, oili ya injini haifiki kwenye klachi. Katika pikipiki hizi, injini, gia na klachi vyote vinaogelea kwenye oili moja. Baadhi ya oili za magari hutiwa viambato vya kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo. Viambato hivyo vikifika kwenye sahani za klachi, klachi huanza kuteleza: injini inanguruma, pikipiki haivuti, hasa ukiwa na abiria mlimani. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2. Hicho ni kipimo cha Wajapani kwa oili za pikipiki zenye klachi inayolowana. Ukikuta JASO MB, iache, hiyo ni ya skuta ambazo klachi yake ni kavu.

Uzito wa oili nao umeandikwa kitabuni. Pikipiki nyingi za Kihindi kwenye joto letu hutaka 20W-50, na baadhi ya Honda hutaka 10W-30. Oili nzito kuliko ilivyotakiwa haiilindi injini zaidi. Asubuhi ya baridi ya Njombe au Limuru inachelewa kufika juu kwenye kichwa cha injini, na sekunde hizo chache ndizo zinazokula chuma. Nunua kwenye duka unaloweza kulirudia, kagua kizibo kama hakijafunguliwa, na uikatae chupa ambayo lebo yake imebandikwa upande au kizibo chake kina alama za kubanduliwa. Oili bandia ipo sokoni, na bei ikiwa chini mno kuliko ya maduka mengine, ichukue kama onyo.

Kumwaga na kujaza

Iwashe pikipiki dakika tatu hadi tano, au rudi nayo kutoka dukani uanze kazi. Oili ikiwa vuguvugu hutoka haraka na kubeba uchafu uliokuwa umetanda chini. Isiwe ya moto kabisa, maana bomba la moshi na oili yenyewe vitakuunguza. Zima, simamisha kwenye stendi kubwa mahali palipo sawa, penye saruji ikiwezekana. Weka beseni chini ya injini. Fungua kwanza kizibo cha juu cha kujazia ili hewa iingie, kisha ndipo uifuate boliti ya chini.

Tumia spana ya duara au soketi yenye saizi kamili ya boliti. Spana malaya, kama mafundi waiitavyo, hula kona za boliti, na boliti iliyoliwa kona siku ya kwanza itakusumbua kwa miaka yote utakayokuwa na pikipiki hiyo. Injini nyingi za Kichina barabarani kwetu zimenakiliwa kutoka Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 ikiwa imebuniwa makusudi kwa ajili ya nchi ambako wenye pikipiki hawakuwa na mazoea ya kuzifanyia servisi. Katika nyingi ya injini hizo boliti ya kumwagia ni kizibo kikubwa chenye spring na wavu wa kuchujia nyuma yake. Ifungue taratibu ukiwa umeishikilia kwa kidole, na angalia mpangilio wa vitu hivyo vinavyotoka. Piga picha kwa simu. Pikipiki nyingine zina wavu mahali pengine, na nyingine zina chujio la karatasi ambalo halioshwi, linabadilishwa.

Oili ikishaacha kudondoka, usiimwage mara moja. Itazame kwenye mwanga wa jua. Ukiona vumbi laini linalometameta ndani yake, au utando wa kijivu kwenye wavu na kwenye ncha ya boliti, hiyo ndiyo kazi ya kilomita za mwanzo na haina ubaya. Kipande unachoweza kukiokota kwa ukucha ni habari nyingine, vilevile vipande vya rangi ya shaba au mabaki ya mpira na gundi kwa wingi. Vihifadhi kwenye karatasi, piga picha, na uende kwa aliyekuuzia kabla hujaendelea kuipanda. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Hilo nalo halisubiri.

Osha wavu kwa mafuta ya taa, uache ukauke, urudishe kama ulivyotoka. Badilisha ile pete ndogo ya shaba au alumini inayokaa chini ya boliti, kwani ya zamani imekwisha kubonyea na inaweza kuvujisha. Rudisha boliti kwa vidole hadi mwisho. Ikigoma njiani, itoe na uanze upya, usiilazimishe kwa spana. Mwili wa injini ni alumini, boliti ni chuma cha pua au cha kawaida, na katika shindano hilo alumini hushindwa daima. Ikishafika mwisho kwa vidole, kaza kwa spana fupi hadi uhisi imebana, ongeza kidogo, basi. Mwenye spana ya kupima mkazo afuate namba ya kitabu. Wengi hatuna, na kwa sababu hiyohiyo mkono unapaswa kuwa na adabu.

Kiasi cha oili mara nyingi kimechorwa kwenye injini yenyewe karibu na kizibo cha kujazia. Kwa pikipiki za ukubwa huu ni karibu lita moja, pungufu kidogo kwa baadhi na zaidi kidogo kwa nyingine. Usimimine chupa nzima kwa kuwa tu umeinunua. Oili ikizidi, mhimili wa injini huichapa ikawa povu, nyingine husukumwa hadi kwenye chujio la hewa, na mpira wa kuzuia mvujo huanza kuachia. Jaza pungufu kidogo ya kiasi kilichoandikwa, washa injini dakika mbili tatu, zima, subiri dakika tatu nyingine, ndipo upime. Kijiti cha kupimia katika pikipiki nyingi huwekwa tu juu ya tundu bila kukizungusha. Zipo ambazo kijiti chake huzungushwa, na zipo zenye kioo pembeni. Soma kitabu, kwa sababu tofauti ya njia hizo inatosha kukudanganya. Ongeza hadi oili ikae kati ya alama mbili, karibu na ya juu.

Cheni, na breki inayosahaulika

Cheni mpya hurefuka kuliko wakati mwingine wowote katika kilomita hizi za mwanzo. Ikining'inia sana inapiga boksi lake na inaweza kuruka sproketi. Ikikazwa sana hali huwa mbaya zaidi, maana inavuta beringi ya sanduku la gia na ya gurudumu kila tairi linapopanda na kushuka. Shika cheni katikati ya sproketi mbili, upande wa chini, uisukume juu na chini: kwa nyingi ya pikipiki hizi mwendo wake unatakiwa uwe kama sentimita mbili na nusu hadi tatu. Zungusha gurudumu na upime mahali kadhaa, kwa sababu cheni haikazi sawa kote. Pima pale inapokaza zaidi. Kama cheni yako imefunikwa na boksi zima, tafuta kizibo cha mpira cha kuchungulia.

Kurekebisha, ondoa ile pini inayozuia nati ya ekseli, legeza nati, kisha zungusha nati za kuvutia gurudumu nyuma, kulia na kushoto kwa kiasi kilekile. Mikono ya gurudumu ina alama. Zikitofautiana pande mbili, tairi linakaa upande na cheni inakula sproketi kwa ubavu. Kaza ekseli, pima tena, kwani kukaza kwenyewe hubadilisha kipimo. Weka pini mpya. Paka oili ya gia ya 90 ukiwa unazungusha gurudumu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa kabisa. Vidole vimekatika kwenye sproketi kwa sababu ya kupaka cheni injini ikiwaka kwenye gia. Na oili chafu uliyotoka kuimwaga haifai kwenye cheni hata kidogo, kwani imejaa ule unga wa chuma ulioukimbia.

Sasa jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulipita. Gurudumu la nyuma linapovutwa nyuma, fito ya breki inayounganisha kanyagio na ngoma hukazika nalo. Usipoirekebisha, breki inabaki imegusa. Pikipiki itakuwa nzito, itakula mafuta, ngoma itapata moto, na siku moja kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga breki hiyo iliyoungua haitashika. Baada ya kila marekebisho ya cheni, zungusha gurudumu kwa mkono likiwa juu: lizunguke bila kuburuta. Kanyaga breki, iwe na ulegevu wa sentimita mbili hivi kabla ya kuanza kushika. Hakikisha taa ya nyuma inawaka wakati huohuo inapoanza kushika, kwa sababu swichi yake nayo ina nati ya kurekebishia. Breki ya mbele ipimwe hivyohivyo kwa mkono wake.

Waya, nati na spoku

Mkono wa klachi uwe na ulegevu kidogo kabla ya kuanza kuvuta. Waya ukikaza mno, klachi haifungi kikamilifu na sahani zinaungua polepole. Ukilegea mno, gia zitaingia kwa kelele. Grip ya mafuta nayo izunguke milimita chache kabla ya injini kuitika, na ukiiachia irudi yenyewe. Kisha, injini ikiwaka, pinda usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho. Mlio wa injini ukipanda, waya umepitishwa vibaya wakati wa kuifunga pikipiki, na lazima uupange upya kabla ya kutoka nje.

Nati na boliti ndiyo kazi ya kuchosha, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko inavyoonekana. Anza mbele umalizie nyuma, usiruke. Usukani na vishikizo vyake, nati ya ekseli ya mbele, shokapu, boliti zinazoshika injini kwenye fremu, bomba la moshi mahali linapoingia kwenye injini, vikanyagio vya abiria, stendi, keria, sproketi ya nyuma. Unachotafuta ni iliyolegea. Iliyo imara iguse tu kwa spana uiache, kwa maana kuongeza mkazo kwenye kila boliti ndiko kunakozivunja. Nyanyua gurudumu la mbele, shika shokapu kwa chini, usukume mbele na nyuma: ukisikia mgongano mdogo, beringi ya usukani imelegea. Angalia pia vichwa vya betri, maana kichwa kilicholegea hufanya taa zipepese na stata kugoma, na wengi huuziwa betri mpya bure.

Spoku zigonge moja moja kwa spana ndogo. Zilizokaza hutoa mlio mwembamba unaofanana, iliyolegea hutoa mlio mzito uliokufa. Moja au mbili zilizolegea kidogo zikaze kwa robo mzunguko. Zikiwa nyingi, mpelekee mtu anayejua kunyoosha rimu, kwa sababu ukikaza upande mmoja bila mpangilio unalipinda gurudumu.

Chujio la hewa litoe ulitazame, hasa kama barabara yako ni ya vumbi jekundu. La sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa kivulini, hupakwa oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi halioshwi, hukung'utwa, na likijaa hubadilishwa. Upepo wa matairi pima asubuhi kabla hujatembea: kwa Boxer ni PSI 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako au 32 ukiwa na abiria. Tairi lililojazwa "likawa gumu" na kijana wa pampu barabarani mara nyingi limezidi sana, na kwenye lami yenye maji hilo linateleza.

Usipopagusa

Kitabu huenda kikataka ulegevu wa valvu ukaguliwe katika servisi hii. Kazi hiyo hufanywa injini ikiwa imepoa kabisa, kwa kipimo chembamba cha chuma ambacho mafundi hukiita fila, na vipimo vyenyewe ni sehemu ndogo za milimita moja. Kama huna fila, au hujawahi kuonyeshwa namna ya kuipata pistoni juu kabisa wakati valvu zote mbili zimefungwa, mwite fundi kwa kazi hiyo peke yake. Na usimruhusu aipime injini ikiwa ya moto, wala aitazame kwa sikio tu. Valvu iliyokaza sana haipigi kelele. Inaungua kimya.

Kwenye kabureta gusa skrubu moja tu, ile ya mwendo wa injini ikiwa imetulia, ambayo mafundi huiita sailensa. Pikipiki nyingi za aina hii hutaka mizunguko karibu 1,400 kwa dakika. Skrubu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta iache ilivyotoka kiwandani. Anayetaka kuigeuza ili "pikipiki ile mafuta kidogo" anaweza kukuachia injini inayochemka.

Ukimaliza, andika tarehe, kilomita na aina ya oili kwenye kitabu cha pikipiki, na uibane risiti hapohapo. Endesha kilomita chache karibu na nyumbani, rudi, chungulia chini ya injini kama kuna tone. Siku inayofuata, injini ikiwa baridi, pima oili tena na uguse boliti ya kumwagia na nati ya ekseli kwa spana. Injini yenyewe bado changa, kwa hiyo usiiminye hadi mwisho wala kuipandisha mlima kwenye gia kubwa mpaka kilomita zilizotajwa kitabuni zitimie.

Inabaki ile lita moja ya oili chafu. Katika mitaa mingi humwagwa mferejini, au hupakwa kwenye mbao za paa kuzuia mchwa, au watoto huikuta kwenye chupa ya maji bila kizibo. Imebeba metali na mabaki ya kuungua ambayo hayafai kugusana na ngozi kila mara, na ikiingia kwenye udongo wenye kisima jirani haitoki. Ufanye kazi hii ukiwa na glavu, au unawe kwa sabuni mara umalizapo. Imimine kwenye dumu lenye kizibo, andika juu yake OILI CHAFU kwa herufi kubwa, na uipeleke gereji yenye pipa la kukusanyia, ambako wanunuzi wa oili chafu hupita kuichukua.